Nyumba ya Mama Mdogo Kule Bel-Air

Binti wa mama mdogo alifika Lubumbashi kutoka Kasai kwa treni, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Nilimwacha apumzike, kisha nikamtembeza mjini. Nilidhani najua yote ya kumwonyesha mgeni.

Nilianza na lile dohani refu la kiwanda cha shaba, na ule mlima mweusi kando yake. Nikamweleza kwamba si mlima wa Mungu, ni masalio ya mawe yaliyoyeyushwa tangu enzi za Wabelgiji. Nilipokuwa mtoto ulikuwa mkubwa zaidi. Siku hizi wameurudia, wanatafuta madini ambayo watu wa kale hawakuyajali. Nikamwambia mji uliitwa Élisabethville, jina la malkia wa mbali, kabla ya kupewa jina la mto wetu. Nikamwambia kwamba zamani, wazungu hawajafika, wahenga walimimina shaba katika umbo la msalaba, wakanunulia vitu na kuolea wake.

Alisikiliza kwa adabu. Halafu akauliza, kama mdogo kwa dada yake mkubwa, "Yaya, na nyumba ya mama iko wapi?"

Hilo sikuwa nimeliweka kwenye safari yetu.

Mama yangu na mdogo wake walizaliwa hapa hapa. Babu yao ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kujenga reli. Mama akaolewa na baba, mtu wa Mitwaba, mwenyeji wa mkoa huu. Mdogo wake akaolewa na mwalimu, Mkasai mwenzake, wakajenga katika mtaa wa Bel-Air. Nilikuwa msichana mdogo wakati wakubwa wa siasa waliposema Wakasai warudi kwao. Kwao wapi? Watu ambao hawakuwahi kuiona Kasai walilala kituoni chini ya maturubai, wakingoja mabehewa. Mama mdogo, mumewe na mtoto wao mchanga walikuwa miongoni mwao. Mama alipika bukari, ugali wetu, tukawapelekea, mimi nimebeba sufuria ya mboga kichwani.

Siku hizo hizo ndugu za baba walikuja nyumbani kumwambia amwondoe mkewe.

"Bibi yangu akipanda treni, na miye nitapanda," baba aliwajibu.

Waliondoka bila kunywa hata maji.

Asubuhi moja tulifika kituoni, behewa hamna, watu wetu hamna. Mama aligawa chakula kwa familia nyingine iliyokuwa bado inangoja. Hakumwona mdogo wake tena. Mama mdogo alifia huko Kasai. Yule mtoto mchanga ndiye huyu sasa aliyesimama mbele yangu akiuliza nyumba.

Mama alipojua tunataka kwenda, alikataa. "Muache ile nyumba. Bantu banaanza tena kusema." Kweli watu walikuwa wameanza kusema. Kila treni iliyoshusha watu, majirani walinong'ona kwamba Wakasai wanarudi, "Banarudia." Lakini mgeni wetu hakuwa mtu wa kuzuilika, nikaona afadhali niende naye.

Mlango wa uzio ulifunguliwa na mama mzee aliyekuwa akichambua matembele. Nilimsalimu, nikamweleza huyu ni nani.

Uso wake ulibadilika. "Siye hatukufukuza muntu," alisema. "Bwana yangu aliambiwa nyumba iko wazi, tukaingia."

"Hatukukuja kukamata nyumba, mama," mdogo wangu akamwambia. "Ninataka tu kuiona."

Yule mama alituacha tusimame uani. Nyumba ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Siku tuliingia, sufuria ya maharage ilikuwa ku jiko, ku mbabula. Makala ya jiko ilikuwa ingali na moto. Niliogopa kuyakula yale maharage. Nikayamwanga nje."

Mdogo wangu aliketi chini, pale pale kwenye saruji.

"Mama alikuwa anauliza mpaka anakufa," alisema. "Kama ule moto ulichoma nyumba."

"Haukuchoma," mama mzee alijibu. "Niliuzima mwenyewe."

Nadhani alitaka kuongeza neno. Lakini mwanawe, mwanaume kijana, alitoka ndani akiwa na simu sikioni. "Banani hawa? Banatafuta nini hapa?" Mama yake alipomwambia, alitufungulia mlango wa uzio na kutuonyesha njia ya kutoka. Hakutukana. Alisema tu kwamba yeye alizaliwa katika nyumba ile.

Tulirudi nyumbani. Mama alikuwa akitungoja. Aliposikia habari ya maharage alijifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, hata baba alipofariki.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, watu wawili waliniuliza kama ni kweli Wakasai wameanza kudai nyumba za Bel-Air. Niliwaeleza ilivyokuwa. Waliitikia kwa vichwa, lakini niliona hawakuniamini.

Mdogo wangu sasa anauza vitambaa sokoni, anaishi nasi. Mama amemwomba asiseme Kiluba cha Kasai akiwa mlangoni kwetu. Yeye hujibu, "Ndiyo, mama," kisha huongea kwa sauti ile ile na wateja wake kwenye simu. Nami juzi, nikitafuta shuka, nilikuta chini ya kitanda cha mama begi lililofungwa tayari kwa safari, lina nguo, sabuni, rozari na sufuria moja ndogo. Nililirudisha nilipolikuta.