Barfi Zilizomenywa

Mchumba wangu alikuwa mtu mzuri, ila alikuwa na kipaji cha kusema jambo dogo likaninyima usingizi. Tulikuwa tumesimama Dagoretti Corner tukitafuna mahindi ya kuchoma, majuma machache kabla wazazi wake hawajaja kwetu kufahamiana na mama yangu, aliponiambia, "Na msisahau deserti. Mathee wangu akikula bila deserti, kitu kitamu cha mwisho, anaona kama hajakula."

Nikaacha kutafuna. Kwao kulikuwa Lavington, katika nyumba ya serikali ambayo baba yake alipewa alipopandishwa cheo, yenye ukuta, askari langoni na mtu wa kumwagilia maua hata mvua ikinyesha. Kwetu kulikuwa Kabiria, vyumba viwili na cherehani. Mama alikuwa ameacha Kitui akiwa mjane kijana, akanilea kwa kushona sare za shule. Nyumbani kwetu mlo ulifungwa kwa chai, na aliyetaka utamu aliongeza sukari.

Sikuogopa kukosa mume. Nilichoogopa ni yule mama wa Lavington kuketi kwenye kiti chetu kizuri na kumwangalia mama yangu kwa huruma. Lo! Mama akionewa huruma na mtu nyumbani kwake, harusi hiyo ningeivunja kwa mikono yangu, na mchumba ningemrudishia mahindi yake.

Basi Jumamosi tukawa tunatoka kutafuta deserti. Mama alikataa kubaki. Alisema hajawahi kununua kitambaa bila kukishika, na hakuona kwa nini chakula kiwe tofauti.

Tulianza karibu, kwenye duka la mikate pale Dagoretti Corner, lililokuwa na keki yenye maua ya sukari ya waridi. Mama aliigonga kwa kidole, kama anayebisha hodi. "Hii ilipikwa kabla hujazaliwa," akaniambia, mwenye duka akisikia. Tukatoka haraka.

Tukaenda mjini, mkahawa mmoja wenye viti vya ngozi nyekundu, tukaletewa matunda yaliyokatwakatwa ndani ya glasi. Mama aliyachambua kwa kijiko, akaniangalia kwa uchungu. "Tumepanda gari tukuje kununua papai? Si papai iko hapo nyuma ya choo?"

Ili nimtulize nikaagiza aiskrimu. Ilikuja ikifuka, maana siku hiyo kulikuwa na joto. Mama akainama akaanza kuipuliza.

"Mama, ni baridi," nikamnong'oneza.

"Na huo moshi unatoka wapi?"

Aliipuliza hadi ikayeyuka, kisha akainywa kama uji, mhudumu amesimama na trei yake kifuani. Akaisifu sana. Alisikitika tu kwamba haibebeki hadi Kabiria.

Barfi, vile vipande vitamu vya maziwa na sukari, tulizipata Westlands, katika duka la familia moja ya Kihindi lililonukia iliki na samli tangu mlangoni. Mama mwenye duka, miwani ikining'inia kwa uzi, alitukatia kipande cha kuonja. Mama yangu akafumba macho. Mimi nimeshona naye, nimelala naye kitanda kimoja, nimemuuguza, lakini uso ule sikuwa nimewahi kuuona. "Hii hata asiye na meno anafaidi," akasema. Nikafurahi hadi nikacheka peke yangu.

Tukachagua za wageni, zile zilizopakwa juu utando mwembamba wa fedha, zikimeta kama kitu cha harusi. Nikauliza kama utando ule hutolewa.

"Hapana toa, mama. Hii fedha ya kweli. Kula pamoja tu."

Mama yangu akaitikia kwa heshima, "Asante, mama." Ningeshtuka hapo hapo. Mama hukubali upesi namna hiyo pale tu ambapo haamini hata neno moja.

Siku ya wageni, kuku ameiva na chapati zimefunikwa, niliingia jikoni kuchukua sahani nikamkuta ameinamia barfi na sindano ya kushonea. Alikuwa anazibandua, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa mtu anayefumua pindo.

"Mama! Si uliambiwa inaliwa?"

"Yule mama ana adabu, hakutaka tuone aibu ati hatujui. Nani anakula karatasi?"

Nilitamani kulia na kupiga kelele kwa pamoja. Zilikuwa uchi zote, zina alama za sindano, isipokuwa moja. Nikaipokonya, nikaiweka juu kabisa ya zile nyingine. Wageni wakabisha hodi.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mkubwa mwenye kofia. Alikula kuku kofia ikiwa bado kichwani, nikahesabu hiyo kuwa dalili mbaya. Sinia la barfi lilipofika, alichukua ile ya juu. Akaigeuza. Akaitazama kwa muda, kisha akatoa ukucha wake mrefu, akaanza kuimenya.

Mchumba wangu akafungua kinywa. "Mum, hiyo si—"

"Baba, hebu mwongezee mama yako chai," mama yangu akamkata.

Mama mkwe alibandika utando wake pembeni mwa kisahani, akatupia macho zilizobaki sinia zima. "Na hizi zingine?"

"Nilizimenya asubuhi, mkwe. Mgeni hawezi kuja kwangu afanye kazi."

Mama mkwe akashusha pumzi. "Kila sherehe ya ofisi ya mzee napewa hizi vitu, namenya mpaka kucha zinaisha. Na pale kwangu na wafanyakazi wote wale, hakuna hata mmoja amewahi kunimenyea." Akavua kofia, akasogeza kiti karibu na mama yangu, na sisi wengine tukasahauliwa.

Tulioana. Mpaka leo nikiwapelekea mama zetu wawili barfi nazimenya kwanza, na ukweli sijawaambia. Mwaka wa kwanza wa ndoa mume wangu alisahau, akaitupa moja kinywani na fedha yake, wote wawili wakimtazama. Mama yangu alimpa pole. Mama mkwe akanigeukia, akatikisa kichwa.

"Unaona?" akasema. "Ndiyo maana nilitaka aoe kwa watu wanajua kula."