Bolti Kumi na Sita za Verlon Stidham

Verlon Stidham aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja bila kuchelewa hata siku moja. Nyumbani sasa, ah! Oili ya gia boksi ya pikapu yake alitakiwa aibadilishe tangu binti yake yuko darasa la saba, na leo binti ana watoto watatu. Mimi ni jirani yake, nimeyaona kwa macho yangu.

Mwezi wa tano mkewe, Arvella, alimwaga zege jipya mbele ya nyumba, jeupe, safi. Siku ya tatu pikapu ikalitia tone jekundu la oili.

"Mzee," Arvella akasema, "nikiona tone jingine, moja tu, Jumatatu hilo gari linaenda kwa wauza vyuma chakavu."

Na Arvella hatishii nyau. Boti ya Verlon aliiuza hivyo hivyo. Mwenyewe alirudi kutoka kanisani akakuta kamba tu. Ile pikapu Verlon aliinunua akiwa kijana, na alikuwa anaipenda kupita maelezo. Usingizi ulimpaa.

Basi Jumamosi asubuhi akatandika pazia kuukuu la bafuni juu ya zege, akaipandisha pikapu jeki, akaingia chini. Sampo, yaani bakuli la chini la gia boksi ile, haina nati ya kumwagia oili. Unalegeza bolti, unaacha pembe moja ishuke polepole, oili ichuruzike kwenye beseni. Polepole, nimesema! Verlon akalegeza zote, sampo ikashuka nzima, na oili yote ikamshukia usoni. Alitoka mwekundu mpaka ndani ya masikio, anatema mate.

Lakini haki yake nampa. Alibadilisha filta, akapangusa sampo ikang'aa, akaweka gasketi mpya. Gasketi hiyo ni laini, kama kizibo cha chupa. Ukiibana sana inapasuka na kuchomoza pembeni, oili inavuja. Akakaza bolti zote kumi na sita, spana kaishika kwa vidole viwili, kwa kupishanisha, taratibu kabisa. Kisha akaenda kuoga.

Hapo ndipo tulipoharibu. Huku kwetu milimani Kentucky, mwanamume hasimami kando ya gari la mwenzake lililo juu ya jeki akaangalia tu. Ni kukosa adabu. Lazima uingie chini, uguse kitu, useme "Hm."

Akaja Hoyt, shemasi wetu, na shati lake jeupe. Akaingia chini. "Hm," akasema. "Huyu kakaza au kabembeleza?" Nikasikia spana inalia. Alipotoka nikaingia mimi. Nilikaza mbili. Haya, tatu! Nia yangu ilikuwa njema. Tukaenda zetu baraza la nyuma kunywa chai baridi.

Verlon akarudi ananukia sabuni, akajaza oili mpya, akaishusha jeki, akaizungusha pikapu hadi kanisani na kurudi. Arvella akatandaza kadibodi nyeupe juu ya zege, pikapu ikaegeshwa juu yake. Wote wanne tukakaa baraza la mbele, macho kwenye kadibodi, hakuna anayetafuna kitu.

Dakika ya ishirini na tano. Tone. Jekundu.

Verlon alivua kofia. Jamani, niliona aibu.

"Ndugu Verlon," Hoyt akaanza, anaangalia viatu vyake, "mimi... nilikaza kidogo."

"Ulikaza?"

"Nne tu."

"Na mimi tatu," nikasema.

"Nyie watu!" Verlon akaruka kutoka kitini. "Nani kawaita? Nimewahi kuja kukaza kitu kwenu?"

Amewahi, ila haikuwa wakati wa kumkumbusha.

Arvella akainuka. Tukajua anakwenda kupiga simu kwa watu wa vyuma chakavu. Alipotugeuzia mgongo, sote tukaona: gauni lake la bluu lilikuwa limelowa oili nyekundu toka mabegani hadi kiunoni, na rola za nywele kisogoni zimegandwa na vumbi.

"Nne na tatu ni saba," akasema bila kugeuka. "Zile tisa zilizobaki ni mimi. Nilikaza wakati nyie mnakunywa chai."

"Wewe?" Verlon akauliza. "Si wewe ndiye uliyesema unaiuza?"

"Nilisema, ndiyo. Niliogopa itavuja, halafu nilazimike kuiuza kweli. Mimi nikishasema nimesema, unanijua."

Akashuka ngazi, akapiga magoti kwenye zege, akaivuta ile kadibodi toka chini ya pikapu, akaikunja mara nne, akaikalia.

"Arvella," Verlon akasema kwa sauti ndogo, "na tone je?"

"Tone gani?" akasema. "Nenda kanunue gasketi."