Pumzi za Wimbo wa Saba

Flashi ile niliinunua Bunda kwa ajili ya mama. Nilimwambia dada wa kibanda cha nyimbo aniwekee kwaya za kanisani, za msiba, zenye kinanda. Tulikuwa tunakaribia kujengea kaburi la baba kule Butiama, na nilihitaji kitu cha kumfikia nacho mama. Saruji peke yake isingetosha.

Mama alikuwa hanisemeshi. Salamu anaitikia, basi. Siku ya mazishi, wakati wenzangu wanalia, mimi, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa nyuma ya nyumba nahesabu masufuria tuliyoazima kwa majirani. Arobaini na moja. Nikarudia, yakawa arobaini. Mama akanikuta huko nikianza mara ya tatu, akasema mbele ya shangazi zangu: "Huyu analinda masufuria. Aliyekufa hamjui."

Na kwenye mambo ya kilio, neno la mama halina rufaa. Msiba ukitokea kijijini, yeye ndiye anayeitwaga kuanzisha. Anajua nani analia na nani anapiga kelele ili nyama imfikie.

Kutoka Bunda nikarudi na flashi dukani kwangu Nyakato, ninapouza misumari, mabati na saruji. Sipeleki mzigo bila kuukagua, kwa hiyo nikaichomeka flashi kwenye redio ya kaunta. Niliahidiwa nyimbo kumi na mbili. Nikahesabu: kumi na moja. Nikarudia: kumi na moja. Nikajua nimepigwa.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, nikajua nimepigwa mara mbili. Kinanda hakuna. Kulikuwa na magitaa yanayokwaruza kama bati linaloburuzwa kwenye zege, ngoma za mtu mwenye kesi na ngoma zake, na mwanamume mmoja anayelia kwa Kizungu.

Nilimtilia shaka tangu mwanzo. Mtu mzima halii hivyo nyimbo kumi na moja bila kuwa na anachouza. Nikasikiliza tena ili nimkamate. Nilitafuta mahali anapojisahau, anapokohoa, anapoacha kulia ili ageuze karatasi. Siku ya tatu nikaanza kuhesabu pumzi zake. Nyimbo zingine anavuta pumzi vizuri kabla ya kupandisha sauti, kama fundi anayejipanga kubeba mfuko. Hapo nikawa nasema: eeh, nimekuona. Lakini wimbo wa saba havuti. Anapanda na pumzi ileile, inamwishia njiani, na sauti inakatika palepale ulipokuwaga unakatika mluzi wa baba akiita ng'ombe jioni.

Niliurudisha nyuma nihakikishe. Ukakatika palepale.

Mteja mmoja aliomba misumari ya inchi nne, nikampa ya bati. Akanitazama usoni. "Mzee, umefiwa?"

"Vumbi la saruji," nikamwambia.

"Mifuko yote si imefungwa?"

Siku ya kumi nikaenda Bunda kudai haki yangu. Dada wa kibanda hakutetereka hata kidogo.

"Nilikosea faili, baba. Hiyo ni albamu ya roki, mteja mwingine aliiagiza. Umeisikiliza siku ngapi?"

"Tisa."

"Siku tisa! Yaani umemaliza ugali na mboga, ndio unarudisha sahani?"

"Nyimbo ziko kumi na moja. Uliniahidi kumi na mbili."

"Haya, lete niifute nikuwekee kwaya. Hata ishirini."

Alinyoosha mkono. Mimi sijawahi kukataa nyongeza maishani mwangu. Nikaiangalia ile flashi, nikairudisha mfukoni, nikafunga kifungo.

"Mura, una shida wewe," akasema, akiniita kama wanavyoitana vijana wa kwetu.

Butiama nilifika na saruji, fundi, na ile redio. Kaburi likajengwa mpaka mchana, fundi akaondoka. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kaburi. Nikaweka redio mbele yake kama mtu anayepeleka dhahabu ya kuokota kwa sonara, huku anaogopa kuambiwa ni shaba.

"Mama, nisaidie kitu kimoja. Huyu mtu analia kweli au ananidanganya?"

Alisikiliza wimbo wa saba ameinamisha kichwa. Magitaa yalipoingia akakunja uso, lakini hakusema nizime. Sauti ilipokatika, akanyanyua kidole.

"Hapo," akasema. "Pumzi imemwishia. Huyo amefiwa." Akashusha kidole. "Anasemaje?"

"Sijui, mama. Sijauliza."

"Na wewe? Ulilia?"

Ningeweza kutaja vumbi. Lakini kwa mama vumbi halipiti.

"Nililia."

"Wapi?"

"Dukani. Kwenye kaunta."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Akainamisha uso. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikadhani analia, kumbe anacheka. "Hata hicho umehesabu," akasema, akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Baba yako angekupiga." Akachomoa flashi kwenye redio, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Mama, hiyo ni yangu."

"Saruji inamwagiliwa siku ngapi, wewe mwenye duka?"

"Saba."

"Basi utakaa hapa unamwagilia kaburi la baba yako. Siku ya saba nakupa."

"Duka nimelifunga, mama. Fanya nne."

"Saba."

"Tano, na maji nachota mwenyewe."

"Saba," akasema, akanisogezea ndoo. "Hesabu tena."