Mpasua kokoto wa Kilakala aliyeingia kwenye rekodi ya okestra

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Asia Mkude anagonga jiwe mara moja, anainamisha kichwa, anasikiliza. Kisha analisukuma pembeni.

"Hili lina ufa ndani. Linalia kama chungu kilichopasuka," anasema, akivuta jingine.

Mama huyu wa miaka 54 anapasua kokoto chini ya milima ya Uluguru, upande wa Kilakala, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Siku nzuri anajaza ndoo kumi na mbili. Mwaka 2014 kipande cha jiwe kilimrukia, kikampofusha jicho la kushoto.

"Tangu hapo, sikio ndilo linanifanyia kazi."

Machi mwaka huu, sikio hilo lilimfikisha kwenye ukumbi mmoja wa Mazimbu. Okestra ya watu arobaini ilikuwa inarekodi utunzi wa Shukuru Mbena (36), mtunzi asiyetaka kabisa midundo na tuni zilizozoeleka. Humo violini zinakwaruza, tarumbeta zinapumua bila kulia, na katikati ya hayo yote yanagongwa mawe.

Mawe yakagoma. Wapiga ngoma wawili walihangaika nayo tangu asubuhi, ikawa kama mtu anabisha hodi. Na ukumbi ulikodiwa kwa siku moja tu. Mbena akakumbuka milio aliyozoea kuisikia akipita Kilakala, akatuma gari.

Asia aliingia na kanga yake ya vumbi. Baadhi ya wanamuziki walicheka.

"Shikamoo mama," Mbena alimsalimu, akamwonyesha mawe.

"Marahaba, baba. Lakini haya mmeyaokota mtoni, yameshiba maji. Hayalii haya. Nirudisheni nikachukue ya kwangu."

Alirudi na mawe tisa. Hasomi nota, hivyo aliomba akae mahali ambapo jicho lake zima litauona mkono wa mwongozaji.

Kugonga hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni pale okestra nzima inaponyamaza, naye anasubiri nyundo ikiwa juu, kisha agonge mara moja tu.

"Kimya kile! Nikasikia mtu anameza mate. Nikajiambia, Asia, leo usiharakishe, hakuna tipa la kokoto linalosubiri."

Akagonga. Mlio ulipanda mpaka darini, ukakaa huko. Hakuna aliyecheka tena.

"Walinipigia makofi wamesimama, utadhani bibi harusi," anasema, na hapo anaiweka nyundo chini ili acheke vizuri.

Kwenye jalada la rekodi, chini ya jina la mtunzi, pameandikwa: Asia Mkude, mawe. Binti yake, Pendo, amelibandika sebuleni.

Je, muziki wenyewe anaupenda?

"Mwanzoni nilidhani bado wanajaribu vyombo. Sasa nikiusikiliza, najua kila mmoja yuko wapi."

Mbena anaandaa utunzi mwingine, utakaopigwa mbele ya watu Dar es Salaam mwezi Desemba. Asia ameshaanza kutenga mawe, na mtunzi amepewa sharti moja.

"Nimemwambia, baba, mara ile walianza wao, mimi nikasubiri. Safari hii naanza mimi."