Kidole Kimoja Juu ya Usukani

Baba yangu alimpungia mdogo wake mkono akiwa ameshakufa.

Najua mtasema Twila kaanza kamba zake. Tulieni kwanza. Nilikuwepo, na mkono wenyewe niliushika mimi.

Iko hivi. Kwetu, kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, ukipishana na gari unainua kidole. Kidole kimoja tu, cha shahada, na kiganja kinabaki kwenye usukani. Umjue usimjue, unainua. Asiyeinua ni mgeni, au kasinzia, au ana neno na wewe.

Mzee wangu, Arlo, alikuwa na neno na mdogo wake, Merle. Miaka ishirini na kitu hakumwinulia kidole.

Na siyo kwamba walikuwa mbali. Mashamba yao ya ng'ombe yanapakana, barabara ni moja, kanisa moja. Merle anakuja na pikapu yake, anainua kidole, mzee anakaza macho mbele utadhani amepishana na nguzo ya umeme. Mimi nimekaa pembeni, mtoto mdogo, natamani kujificha chini ya kiti.

Chanzo ni geti.

Dhoruba ya theluji ya mwezi wa nne, geti la malisho ya kaskazini likabaki wazi, ng'ombe wa baba wakasukumwa na upepo mpaka ziwani na barafu ikavunjika chini yao. Waliopita pale siku ile ni wawili tu, baba na Merle. Kila mmoja akaapa kwamba yeye alifunga.

Ikawa ndiyo basi tena.

Sasa mwaka juzi, mwezi wa tatu, madaktari wa hospitali kule mjini Lincoln waliniita pembeni wakaniambia nimpeleke mzee nyumbani. Hawakusema mengi na sikuuliza mengi. Mama alishatangulia na mimi ndiye mtoto pekee, kwa hiyo nilijikaza, nikarudi chumbani na uso mkavu.

"Twende na pikapu yangu," mzee akasema. "Siendi kufia kwenye gari lenye king'ora mimi."

Nikamwekea mto mgongoni, nikamfunga mkanda, tukaondoka asubuhi.

Karibu na mji wa Grand Island ndege korongo walikuwa wamejaa kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa, maelfu kwa maelfu, wanapiga kelele. Akataka nipunguze mwendo. Akawaangalia mpaka walipoisha, kisha akauliza swali lililonifanya nisahau kama naendesha gari.

"Hivi Merle huwa anaenda kuchukua barua saa ngapi siku hizi?"

Jina hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu nikiwa shule ya msingi.

"Mchana, akishalisha ng'ombe," nikajibu. "Kwani vipi?"

"Basi tutapishana naye tukishapita Thedford."

"Enhe?"

"Nitamwinulia kidole."

Nikamwambia, baba, simu hii hapa, nampigia sasa hivi mwongee. Akanikata jicho la zamani, lile la kabla hajaugua.

"Simu ya nini? Nilimnyima barabarani, nitampa barabarani."

Nikafyata mkia. Mzee wangu hakuwa mtu wa kubishana naye, hata alipobaki mifupa mitupu.

Mji wa Broken Bow tukasimama kula. Akaagiza supu ya maharage na nyama, na mkate wa mdalasini wa kuchovya humo. Alikula vijiko viwili. Akabaki anauchezea mkate kwa kidole.

"Twila, lile geti."

"Baba, achana nalo."

"Nyamaza unisikilize. Nimejaribu kuukumbuka mkono wangu ukifunga ule mnyororo. Nakumbuka nilivyosema kwamba nimefunga. Nakumbuka nilivyoapa. Ila kufunga kwenyewe, mwanangu, sikumbuki."

Machozi yalinitoka pale pale mbele ya mhudumu. Miaka yote ile, na mtu hakuwa hata na uhakika.

Tulipoingia tena barabarani akaweka mkono wa kushoto juu ya dashibodi na kuanza mazoezi. Ndiyo, mazoezi. Mzee aliyewahi kumwangusha fahali kwa mikono yake anajifunza kuinua kidole.

Gari la kwanza likaja. Kidole kikapanda nusu, kikaanguka.

"Huyo hajaona," akasema. "Ngoja anayekuja."

Wa pili naye hakuona. Wa tatu pia. Treni ya makaa ya mawe ilikuwa inatusindikiza kando ya barabara, na mzee akawa anahema utadhani yeye ndiye anayeivuta. Nikamwambia apumzike, akaniambia niangalie barabara yangu.

Karibu na Dunning likaja lori la ng'ombe, na kidole kikasimama. Dereva akainua chake. Baba akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Umeona? Bado kina nguvu!"

"Nimeona, mzee. Merle kazi anayo leo."

Akafurahi. Hiyo ndiyo furaha ya mwisho niliyoiona usoni pake, na namshukuru Mungu niliiona.

Tukapita Thedford, tukakata kushoto kuingia barabara yetu nyembamba. Vilima vikafunguka pande zote, pampu za upepo zinazunguka juu ya matangi, ndama wapya wamelala kwenye jua.

"Majani yanaanza," baba akasema.

Nikaanza kumlalamikia kuhusu mvua iliyochelewa. Nikaongea weee, kisha nikagundua naongea peke yangu.

Mkono ulikuwa umeteleza kutoka kwenye dashibodi na kulala mapajani.

"Baba?"

Nikaita tena. Nikamgusa shingoni. Nikaanza kulia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Ila mguu haukutoka kwenye mafuta. Msiniulize kwa nini. Nadhani nilijua nikisimama itakuwa kweli.

Hapo ndipo pikapu nyeupe ikatokea juu ya kilima.

Merle. Tena mapema, kabla ya saa yake ya barua, na anakuja kwa kasi.

Nikafikiria ahadi yake ya Grand Island. Nikafikiria yale mazoezi yote. Nikasema moyoni, haiwezekani, haiwezekani akose hiki kimoja alichokitaka.

Mkono wangu wa kushoto ukabaki kwenye usukani. Wa kulia ukashika kifundo cha mkono wa baba. Tulipokaribiana nikauinua mpaka kwenye kioo cha mbele. Kiganja kikafunguka chenyewe, kikapepea.

Merle alipita. Kisha nikasikia tairi zikilia nyuma yetu.

Nikasimama. Kwenye kioo cha nyuma nikamwona anakuja mbio, mlango wa gari lake kauacha wazi katikati ya barabara. Alikuwa amevaa shati jeupe, na mkononi ameshika kofia yake nzuri ya kanisani.

Akafika dirishani.

"Baba mdogo," nikasema, "amekupungia."

"Nimeona."

"Ameondoka. Sasa hivi tu. Ila amekupungia."

"Nimeona, mwanangu. Nimeona kabisa."

Akaweka kiganja kwenye shavu la baba, akakaa hivyo. Kisha akafungua mlango na kuingiza mkono mmoja mgongoni kwa kaka yake, mwingine chini ya magoti.

"Sogea kidogo, kaka," akasema. "Nipishe nikae."

Tukaenda nyumbani hivyo, watu watatu kwenye kiti kimoja, baba katikati, kichwa begani kwa Merle. Gari la jirani likatukuta, akainua kidole. Merle akainua chake, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kola.

Tulimzika mzee kwenye jeneza la msonobari, chapa ya ng'ombe wake imeunguzwa kwenye kifuniko kwa chuma chake mwenyewe. Merle ndiye aliyeichoma, na hakuruhusu mtu mwingine aguse kile chuma.

Baadaye watu wakashuka ukumbi wa chini ya kanisa kula mikate ya nyama ya nguruwe na saladi ya jeli. Merle akanivuta pembeni, karibu na birika la kahawa.

"Twila, nikwambie kitu, usikasirike."

"Niambie."

"Kile kilikuwa kiganja kizima."

Sikumwelewa.

"Arlo hajawahi kumpungia mtu kiganja kizima tangu azaliwe," akasema. "Kiganja ni cha watalii na watu wanaoomba kura. Nilijua amekwenda kabla sijakanyaga breki."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Nisamehe, baba mdogo. Ila alitaka, naapa. Kaanza mazoezi Broken Bow. Kidole kimoja, kama inavyotakiwa. Karibu na Dunning kikasimama."

"Mazoezi?"

"Mazoezi. Kwa ajili yako."

Merle akashika ukingo wa meza. Nikadhani presha imempanda, nikataka kuita watu, akanizuia. Alilia kimya kimya, na watu wakajifanya wanahangaika na kahawa.

Alipotulia nikamwambia na la geti, kwamba baba hakukumbuka kulifunga.

"Mimi pia," akasema. "Mwaka wa pili tu nilishaanza kuwa na mashaka. Nikaona aibu kurudi nyuma."

Akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Kisha akaniuliza, taratibu.

"Unadhani siku ile nilikuwa nakwenda wapi na kofia ya kanisani?"

Nikalikumbuka na lile shati jeupe.

"Ng'ombe sijalisha, ndama wanazaliwa, nimeacha kila kitu. Nilikuwa nakuja Lincoln, Twila. Nilisikia yuko hospitali, nikasema leo liwalo na liwe, naingia chumbani kwake hata akinitupia sahani."

Nikamkumbatia pale pale kando ya birika.

Nimeandika haya kwa sababu kuna mtu anasoma hapa na anapishana na ndugu yake kila siku bila salamu, kila mmoja anasubiri siku nzuri. Mimi nimewaona wawili waliochagua siku moja, barabara moja, na bado hawakuwahiana, kwa tofauti ya vilima vichache tu. Wewe usichague siku. Piga breki leo hii, shuka, mfuate.

Pikapu ya mzee ninayo mimi sasa. Nikipishana na Merle namwinulia kidole kimoja, kama inavyotakiwa.

Yeye huniinulia viwili. Sijawahi kumuuliza cha pili ni cha nani.