Ukanda Mweupe wa Bréchaux

Régis Gauthey ametengeneza barabara za kijiji chetu kwa miaka thelathini na minne, na kama kuna mtu hapa Chalvoy aliyewahi kumshukuru, basi alimshukuru kimoyomoyo. Mtaro ukiziba, anaitwa Régis. Mti ukianguka, Régis. Paka wa meya akikwama kwenye kalavati, Régis. Najua kwa sababu mimi ni karani wa halmashauri na ndiye niliyekuwa nikimwita. Tulisoma darasa moja, na hata enzi hizo alitembea kama mtu aliyetoka kubeba kitu kizito.

Anaishi Bréchaux, nyumba tano tu juu ya kilima, na mkewe Odile. Kutoka kwao hadi kijijini ni kilomita moja na mita mia nne za changarawe, mteremko mtupu, ukuta wa mawe upande mmoja na malisho upande wa pili. Kati ya barabara zote hiyo ndiyo aliyoitunza zaidi, maana Odile alipita hapo kila siku. Odile alikuwa mpeleka barua. Miaka ishirini na saba alizunguka vilima vyote vilivyo kati yetu na mji wa Clamecy kule mtoni, kwa baiskeli ya manjano ya posta, mvua inyeshe, theluji ianguke, mbwa wamfukuze. Kisha ugonjwa ukamshika miguu, kidogo kidogo, na sasa ni mwaka wa saba yuko kwenye kiti cha magurudumu, kile cha betri. Ndani ya nyumba kinakwenda vizuri. Kikigusa changarawe kinazama na kunguruma, basi, mpaka aje mtu kukivuta.

Odile si mtu wa kulialia. Alitaka jambo moja tu: kushuka mwenyewe hadi mgahawa wa Ginette, anunue mkate wake, arudi. Régis alikuwa tayari kumpakia kwenye gari hata mara kumi kwa siku.

"Sitaki kupelekwa," Odile alikuwa akisema. "Nataka kwenda."

Régis akaanza kuomba lami. Kila Januari, miaka mitano mfululizo, alikuja kwenye mkutano wa halmashauri na kofia yake mkononi. Meya wetu, Bwana Lhomond, si mtu mbaya, ila ni mtu wa "tutaona." Nami niliandika kwenye kumbukumbu: ombi limepokelewa. Sentensi hiyo niliiandika mara tano, na mara ya tano sikuinua hata macho.

Halafu zikaja baiskeli. Klabu moja ya mjini ilitaka njia ndefu za changarawe kuzunguka vilima vyetu, kwa ajili ya watu wanaopanda baiskeli za matairi manene na kuikimbia lami kama sisi tunavyoyakimbia matope. Kila kijiji kikaombwa kuchora kipande chake. Kazi hiyo nikatwishwa mimi, ambaye baiskeli siijui hata pa kushika. Nikafanya anachofanya kila mtu hapa anapopotea: nikapanda kwa Odile.

Alizitaja njia zote huku amefumba macho. "Pale kwenye msalaba wa jiwe kata kushoto, Josiane. Usiende kulia, kulia kuna tope mpaka Juni. Kwenye shamba la Moreau kuna mwinuko utakaowatoa roho, waweke hapohapo, wataupenda wajinga wale." Nilikuwa sijamwona na furaha ile kwa muda mrefu. Mzunguko wake wa barua wote, pamoja na mteremko wa kwao, ukawa njia ya baiskeli.

Fedha za kuweka vibao zilitoka mkoani, kwa sharti moja: njia zibaki changarawe kwa miaka kumi. Halmashauri ikapiga kura, ikakubali, mikono minne dhidi ya mitatu. Watu wa klabu walisema kipande kizuri kuliko vyote kilikuwa cha Bréchaux, kimetunzwa kama kitanda cha hoteli. Hicho ndicho kilichommaliza Régis. Angekuwa mvivu, wangemwekea lami.

"Régis, rafiki yangu, miaka kumi si mingi," meya akamwambia.

"Kwa nani?" akauliza Régis. Akavaa kofia yake, akatoka.

Kilichofuata sikukijua wakati ule. Alifikiria kugoma, auache mteremko ule uoze, wapanda baiskeli wavunjike meno. Lakini kila Ijumaa alimpeleka Odile hospitali Auxerre, na kila shimo ambalo angeliacha, Odile angelisikia mgongoni gari likipita. Kwa hiyo hata uvivu ulimshinda. Badala yake akaanza kutengeneza ukanda, upana wa mita moja, ukingoni kabisa upande wa ukuta. Anamwaga vumbi la mawe ya chokaa, analowesha, anavuta rola ya mkono, anasubiri pakauke, anarudia. Changarawe inabaki changarawe, sharti halijavunjwa, ila ukiipiga hivyo mara ishirini inakuwa ngumu kama biskuti iliyosahaulika kwenye oveni. Kila jioni baada ya kazi, kabla ya supu, mita tatu, siku ya nguvu mita sita. Miezi kumi na minne. Majira ya baridi bega lake la kulia lilivimba, akahamia la kushoto. Hakumwambia Odile, asije akamtia tumaini la kitu kisichokamilika. Kwetu sisi alinyamaza kwa sababu nyingine: mimi huandika kila kitu, na kinachoandikwa huishia kwenye "tutaona."

Matembezi makubwa ya kuzindua njia yalipangwa Jumapili moja ya Mei, baiskeli mia tatu. Régis alimaliza ukanda wake Jumatano ya wiki hiyohiyo. Akaingia jikoni akasema, "Jumapili utashuka." Odile akaagiza msusi aje nyumbani siku ya pili yake.

Nami Jumatano hiyo nilipokea barua ya klabu, kwamba barabara isawazishwe na kulegezwa kidogo kabla ya siku. Nikamwita Régis ofisini.

"Msiiguse," akasema.

"Ni reki tu, Régis. Wanakuja watu kumi na wawili wa kujitolea, na chakula chao. We pumzika, umechoka, hebu jione."

"Josiane, barabara iko sawa. Iacheni."

"Mh! Barabara unaionea wivu kama mke wa pili!"

Alinitazama. Akasugua bega, akaondoka. Nikaona ni ukaidi wa mzee anayeogopa watu wengine wasifanye kazi yake vizuri kuliko yeye. Hivyo ndivyo nilivyoona, na sitajitetea.

Ijumaa wakiwa Auxerre, tukapanda na reki. Mimi nilikuwa mbele na buti zangu mpya, najiona jenerali. Katikati ya barabara kazi ilikwenda vizuri. Upande wa ukuta reki zikawa zinadunda.

"Mama, hapa pamegoma," akaniita bwana mmoja, daktari wa meno mstaafu. "Pamekuwa kama saruji."

Nilipatazama. Palikuwa peupe kidogo kuliko pengine, pamenyooka, na mimi sikujiuliza ni kitu gani kinachonyooka hivyo bila mkono wa mtu.

"Pigeni sururu," nikasema. "Tunataka pawe sawa pote."

Wakapiga sururu tangu chini mpaka juu, akina mama na wazee, wakiimba. Saa kumi jioni barabara ilikuwa imependeza kama ya kwenye picha. Nikaipiga picha. Tukala soseji na divai ukutani.

Gari la Régis likatokea saa kumi na moja. Alisimama chini kabisa ya mteremko, akashuka, akatembea kando ya ukuta hatua kama kumi. Akainama, akachota changarawe, akaiachia ipite kati ya vidole.

"Unaonaje?" nikamuuliza, nikisubiri sifa.

"Mmefanya kazi kubwa," akasema.

Odile alikuwa kwenye kiti cha mbele, nywele zimetengenezwa vizuri, anautazama ukuta.

"Josiane, mmefanya kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka hapa mpaka mlangoni kwenu."

"Yote?"

"Yote, mpenzi wangu! Hatukubakiza hata kipande."

"Haya," akasema. "Twende, Régis. Supu."

Jumapili baiskeli zikaja, rangi za kila aina, zikimwaga jasho na vicheko. Nilikuwa nagawa maji mbele ya mgahawa. Ginette alikuwa ameweka meza moja nje, yenye kitambaa, bila kiti.

"Hii ya nani?" nikauliza.

"Ya Odile, si anashuka leo? Mbona kachelewa?"

"Atashukaje, Ginette, na changarawe yote ile?"

"We nawe! Kwenye ukanda wake, si Régis kamaliza juzi? Vumbi la chokaa lote kachukua kwa kaka yangu machimboni, mwaka mzima. Usiniambie hujui, wewe uliye karani."

Nililiweka chini sinia la vikombe, nikaanza kupanda kile kilima kwa miguu, na baiskeli zote zinanijia usoni. "Asante, mama! Njia safi!" walikuwa wakinipigia kelele wakipita. Nilitamani wanigonge.

Odile alikuwa langoni kwao, amevaa koti la buluu jipya, magurudumu ya mbele yamesimama pale saruji ya uani inapoishia. Régis alikaa kwenye ngazi, mkono wa kulia umefungwa shingoni kwa kitambaa. Nilikuwa nahema hata siwezi kusema.

"Kaa chini kabla hujatuangukia," Odile akaniambia.

"Nimekuja kuomba radhi. Sikujua. Kwa nini hamkuniambia?"

"Mimi ningekwambia nini? Huyu hata mimi hakuniambia." Akamnyooshea mumewe kidole. "Ila rola nilikuwa naisikia kila jioni. Mwanamke gani hajui mumewe yuko wapi miezi kumi na minne?"

Régis akacheka kidogo, kwa pua.

"Tutautengeneza upya," nikasema. "Nitawaita watu, Régis, wewe utatuongoza tu, utaanza tena taratibu..."

"Daktari aliliona bega hili Ijumaa," akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Halina miezi mingine kumi na minne, Josiane. Halina hata mmoja."

Baiskeli zilikuwa bado zinapita langoni, kengele zinalia, watu wanampungia Odile mkono. Naye akawapungia mmoja mmoja. "Yule kakosea gia," akasema. "Kule kwa Moreau atashuka asukume."

Hakuna aliyenitukana siku ile. Ningeshukuru kama wangenitukana.

Jumatatu nilikwenda kuchukua rola. Watu niliosema nitawaita walikuja Jumamosi moja, wakapiga picha, na Jumamosi iliyofuata kukawa na harusi. Meya alisema tutaona. Basi nimebaki mimi, mwenye miaka sitini na mitatu na mikono ya kushika kalamu, kila jioni ofisi ikifungwa. Kwenye kumbukumbu sijaandika kitu. Régis alistaafu mwezi Juni, na sasa hukaa juu ya ukuta na mkono wake shingoni, ananisimamia. "Maji, maji! Unatengeneza barabara au unakoroga uji? Rudia hapo. Hapo pia. Wewe ulivuta rola au ulikuwa unaibembeleza?" Sijawahi kumsikia akiongea maneno mengi hivyo. Nikilala, mgongo unaniuma mpaka kwenye meno.

Sasa ni Septemba, na nimefikisha mita mia moja na tisini. Kwa mwendo huu nitamfikisha kwa Ginette nikiwa na miaka sitini na sita, baridi ikinihurumia.

Jana ukanda ulifika kwenye mti wa jozi, pale kona inapoanzia na paa za kijiji kuonekana. Odile alitoka kuujaribu, kama atokavyo kila jioni, polepole, magurudumu hayatoi hata sauti. Alifika mwisho, akasimama, akaangalia chini. Tulimwacha. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la Ginette.

"Umeacha jiwe hapa," akaniambia baadaye.

Ukanda ni mita moja tu, kiti hakiwezi kugeuka. Kwa hiyo alirudi kinyumenyume, mita zote mia moja na tisini, uso wake ukiwa bado umeelekea kijijini.