Foronya za Bibi Harusi Nisiyemjua

Sikuwa na baiskeli. Saa ya mkononi sikuwa nayo. Viatu vya Jumapili sikuwa navyo, wala ndugu wa damu upande huu wa nchi, wala mtoto. Cheti cha shule ndiyo kabisa. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, baada ya kushinda nikibeba magunia bandarini.

Nilikuwa na Auleria tu.

Na mwaka 1955, kwenye chumba chetu cha kupanga Temeke, Auleria alinificha kitu nilichokuwa nimekishika kwa mikono yangu mwenyewe, nikikitazama.

Mnaobisha, subirini.

Mke wangu alikuwa fundi wa kudarizi. Masista wa kwetu Bukoba walimfundisha akiwa msichana. Vitambaa vya meza, shuka za maharusi, foronya, vyote vilipita mkononi mwake.

Mwaka ule kifua kikuu kikamshika. Hospitali walifanya walichoweza. Akarudi nyumbani amebaki macho na vidole.

Nikamwambia, "Auleria, twende kwa mama yako. Treni mpaka Mwanza, halafu meli. Ukapumzike."

"Nina kazi ya mtu."

"Ya nani?"

"Foronya mbili za bibi harusi. Bi Mwajabu ndiye anayemjua. Nikimaliza tunaondoka."

Bi Mwajabu ndiye mwenye nyumba wetu, mama wa palepale Temeke, mdomo wake haujui kupumzika.

Basi safari ikawa inasubiri foronya. Nguvu zinapungua, sindano inakwenda polepole, na mie namchukia yule bibi harusi. Si alalie mto mtupu tu? Atakufa?

Ili tuondoke mapema, nikajitolea kusaidia. Auleria alikuwa hawezi tena kubana fremu. Kwa wasioijua, ni pete mbili za mti. Kitambaa kinakaa katikati, unasukuma ile ya nje, unakaza skrubu, kitambaa kinakazana kama ngoma.

Siku ya kwanza nilisukuma kwa nguvu za bandarini.

Auleria akapiga ukelele, kikohozi kikafuata.

Pete ilikuwa imekaa juu ya waridi alilokwisha kulishona. Nyuzi zimelala zote.

"Umelifanya chapati ua langu!"

"Nisamehe. Nilidhani kilichokwisha kimekwisha."

"Kilichokwisha ndicho kinachoumia, Projestus."

Bi Mwajabu akachungulia kutoka uani. "Haya makubwa! Mhaya anadarizi! Kesho utanisuka na nywele?"

"Lete kitana, Bi Mwajabu. Nikusuke mpaka bwana akukane."

Auleria akacheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alazwe.

Akaniagiza birika la maji ya moto. Akalipitishia ua mvuke kwa mbali, akaziinua nyuzi moja moja kwa kitako cha sindano. Likaamka. Si lote.

Kisha akanifundisha.

Pete ya ndani izungushie utepe wa shuka nyeupe kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika. Juu ya kazi tandika kitambaa chepesi, ubane vyote pamoja. Halafu kata dirisha dogo kwenye kile kitambaa cha juu, pale tu sindano inapokwenda. Maua mengine yanabaki yamefunikwa, pete haiyagusi. Na ukiacha kazi, legeza fremu. Usiiache ikalala na kitambaa.

Nikawa hodari. Nikirudi kazini nanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nabana, nakaza, yeye anashona. Dirishani naona jani. Naona nusu ya ua. Basi.

"Huku chini pana nini?"

"Mali ya watu. Usifunue, itashika jasho lako."

Mie niliyekuwa nasoma kila kitu, mpaka maandishi ya kwenye magunia ya watu, sikusoma kile.

Ijumaa moja akamaliza jani la mwisho. Akanambia, "Legeza skrubu. Sasa tunaweza kuondoka."

Hatukuondoka. Jumatatu tulimzika Temeke. Simu ya maandishi ilimfikia mama yake mwanawe ameshalala ardhini.

Zile foronya zilikuwa bado na kifuniko chake, kimeshikizwa kwa uzi pembezoni. Nikazichukua kwa hasira, nikampelekea Bi Mwajabu barazani.

"Mpe bibi harusi wako. Mwambie zimemaliza mtu."

Bi Mwajabu hakupokea.

"Mwanangu, mimi sina bibi harusi."

"Sasa hizi za nani?"

"Zako. Funua."

Nikakata uzi.

Foronya ya kwanza, mawaridi yamezunguka duara, na katikati PROJESTUS.

Ya pili, mawaridi yaleyale, duara lilelile. Katikati peupe. Hapana kitu.

"Hii haijaisha," nikasema.

"Imeisha. Jina lako nilimbania mimi fremu, mchana ukiwa bandarini. Hapo peupe ataweka jina lake huyo mke atakayekuja. Mkeo alisema, 'Huyu hajui kuishi peke yake, Bi Mwajabu, atakula ndizi mbichi.' Akaniapisha nisiseme mpaka azikwe."

Akajifunika uso kwa kanga.

Niliketi pale chini kama mzigo uliodondoka. Mwanamke niliyekuwa nikimchukia alikuwa mke wangu ajaye, na Auleria alikwisha kumpenda kabla yangu.

Siku zilizofuata watu walikuwa wakinikuta mlangoni na ile foronya nyeupe magotini. Mwisho nikanawa mikono.

Nikaizungushia pete utepe. Nikafunika kila waridi. Nikakata dirisha pale katikati, nikaandika kwa penseli herufi nilizofundishwa darasa la jioni, nikazifuata kwa sindano.

AULERIA.

Zilipinda kama ua wa makuti ulioegemewa na mbuzi. Lakini nilipolegeza skrubu, hakuna waridi hata moja lililolala.

Miaka ilipita, nikaoa tena, nikapata watoto. Sijutii. Nawaambia nyie mnaoanza upya: maisha mapya nayo yana pete yake, na lazima ibane. Ila kabla hujakaza, tandika kitambaa juu ya kile alichokishona mwenzio aliyetangulia.

Ila ile foronya ya AULERIA sikukaa nayo miaka yote hiyo. Niliikunja maua yakiwa kwa ndani, nikamwandikia mama yake kwa mkono wangu:

"Mama, shikamoo. Auleria hakuwahi kuja. Nakuletea jina lake. Maua ni mkono wake, herufi ni mkono wangu. Ukiipiga pasi, igeuze."

Nikaviweka vyote kwenye bahasha kubwa ya kaki, nikalamba gundi, nikaubana mdomo wake kwa kiganja.

Posta nikamwambia karani, "Taratibu tafadhali, ndugu yangu."

Akagonga muhuri kwa nguvu, akaitupa kwenye mfuko wa Bukoba.